Uzi: Injini za plastiki za kuunganisha zilitoka wapi, na kwa nini nyingi hazizunguki?

Fundi wa Mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa rangi niliropoka kwamba modeli ya gari isiyo na injini ni boksi la viatu lenye magurudumu. Nimerushiwa mawe ya kutosha, mengine nilistahili. Ila mdau mmoja akaniuliza swali la maana: nani wa kwanza alifikiri mtu atanunua injini peke yake, bila gari, tena ya plastiki? Jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona nilihamishie huku.

Nianze na plastiki, maana ndiyo iliyochelewesha mambo. Seti za mwanzo za plastiki zilikuwa ndege. Mwaka 1936 Uingereza walitoa ndege za Frog Penguin za kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege ya kweli), zilizotengenezwa kwa asetati ya selulosi. Asetati ikikaa hujikunja. Bawa likipinda kidogo unalivumilia, unaliweka kabatini upande mzuri ukitazama mbele. Pistoni ikipinda haiingii kwenye silinda, hapo hakuna cha kuvumilia. Injini yenye viungo vinavyocheza ilibidi isubiri polistirini, plastiki ngumu inayoshika umbo na inayokubali gundi ya kuyeyusha. Hiyo ilianza kutengenezwa kiwandani Ujerumani miaka ya 1930 mwanzoni, lakini ilienea kwenye modeli baada ya Vita vya Pili.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba modeli nyingi za magari hazikuanzia kwa watoto. Zilianzia kwa wauzaji. Trekta la Ferguson la Airfix la mwaka 1949 lilitengenezwa ili mawakala wa Ferguson wawe na kitu cha kumwonyesha mteja. Baadaye ndipo likauzwa vipande vipande kwa mtu wa kawaida. Marekani kampuni ya AMT, iliyoanza 1948, iliishi kwa biashara hiyo hiyo: magari madogo yaliyokwisha kuunganishwa, yaliyokaa kwenye kaunta za wauza magari. Nayo ya plastiki ya mwanzo yalipindika. Ukikutana na gari dogo la miaka hiyo limeinama katikati kama ndizi, si kwamba lilikaliwa na mtu. Ni asetati.

Sasa muuza magari alitaka nini kwa modeli? Rangi na umbo. Boneti haifunguki. AMT walipoanza kuuza seti zao za mwaka kwa mwaka mnamo 1958, zile unazoweza kujenga kwa namna tatu (la kawaida, la kupambwa au la mashindano), bado walikuwa wanatumia miili ya magari ya kaunta. Injini hakuna. Ukigeuza unaona bamba lenye michoro ya ekseli, basi.

Naendelea jioni.

Tela la Mwisho

Nimeunga tela. Mkuu shusha madini, usituache njiani kama uzi wa ile gari ya moshi.

Mbishi wa Zamu

Mwanzisha uzi ana tabia ya kuanzia kwa Adamu. Swali lilikuwa injini.

Fundi wa Mezani

Mbishi, karibu. Uzi bila wewe ulikuwa umepooza.

Haya, injini. Kulikuwa na kampuni ya midoli Marekani inaitwa Renwal. Soma jina hilo kutoka nyuma: Lawner. Ndilo jina la ukoo la mwanzilishi. Walitengeneza samani za nyumba za wanasesere na vitu vya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakatoa kitu cha ajabu: mwili wa mtu wa plastiki ya kioo, unaona mifupa na viungo ndani, kila kiungo unakitoa na kukirudisha. Aliyeusanifu ni mchongaji Marcel Jovine, Mwitaliano aliyetekwa vitani Afrika Kaskazini akapelekwa mfungwa Marekani. Mtu huyo wa kioo akauzika sana, akafuatiwa na mwanamke wa kioo. Kisha mtu pale Renwal akawaza: kama tumeweza moyo na ini, tushindwe na injini?

Hapo ndipo ilipotoka V8 ya kioo, kwenye mpaka wa miaka ya 1950 na 1960. Kipimo 1/4. Naomba mlitafakari hilo kabla ya kusonga. V8 nyingi za Marekani silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 4 hivi. Kwa 1/4 unapata pistoni ya inchi 1 kamili, unaishika kwa vidole viwili. Kwa 1/25 ambayo wengi wetu tunajenga, pistoni hiyo hiyo ingekuwa milimita 4. Punje ya mchele ina urefu zaidi ya hapo.

Bloku ni ya kioo, hedi za kioo, sampu (bakuli la oili la chini) ya kioo. Ndani krankishafti, shafti kuu iliyoungwa na pistoni, inazunguka, pistoni zinapanda na kushuka, kamshafti inasukuma vijiti, valvu zinafunguka. Mota ndogo ya umeme na betri ndiyo inayozungusha. Na kuna vitaa vinavyowaka mahali pa plagi, vinafuatana kwa mpangilio wa uchomaji, kwa sababu distribyuta ya modeli ni swichi ya kuzunguka: inapeleka umeme kwa kila taa kwa zamu yake. Yaani distribyuta ya plastiki inafanya kazi ile ile ya distribyuta ya kweli, ila kwa volti chache.

Mnaona tofauti? AMT waliuza gari la kutazama. Renwal waliuza maelezo. Baadaye wakafanya na chasisi nzima kwa mtindo huo. Kwangu mimi kitabu cha ufundi hakijawahi kunieleza kwa nini kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Niliielewa siku nilipohesabu meno ya gia mbili za plastiki na kukuta moja ina mara mbili ya mwenzake. Mapigo manne, pistoni inapanda mara mbili, valvu ya kuingiza inafunguka mara moja tu. Basi.

Bi Pistoni

Nimefundisha ufundi magari muda mrefu na nimetumia hiyo V8 darasani. Nakubaliana na wewe, ila kuna uongo mmoja ndani yake ambao lazima mwalimu aseme mapema. Kwenye injini ya kweli pistoni ndiyo inayosukuma krankishafti. Kwenye modeli krankishafti inazungushwa na mota, nayo ndiyo inayosukuma pistoni. Nguvu inasafiri kinyume. Nimepata wanafunzi waliotoka wakiamini kwamba plagi ni taa tu ya kuonyesha, kwamba injini ingezunguka hata isipochoma.

Fundi wa Mezani

Dada, hapo umenifunga mdomo. Kweli kabisa. Ila ukiangalia injini ya kweli wakati wa kuwasha, stata inapoizungusha kabla haijashika, huo ndio mwendo wa modeli. Ni injini iliyo kwenye stata milele.

Bi Pistoni

Hiyo nitaiiba, nitaitumia darasani.

Mbishi wa Zamu

Mbona bado ni midoli. Injini ya kweli ina gasketi, ina oili, ina joto. Kuita hili "historia ya injini" ni kukuza mambo.

Mzee wa Kalibu

Nimekuwa kwenye viwanda vya plastiki karibu maisha yangu yote, niruhusuni nimjibu kijana kwa upande wa kalibu, yaani umbo la chuma linaloingizwa plastiki ya moto. Plastiki ya kioo ndiyo adui mkubwa wa mtu wa kalibu. Sehemu ya rangi inaficha dhambi: pale plastiki mbili za moto zilipokutana ikabaki mstari, pale pini za kusukuma zilipoacha alama ya duara, pale hewa ilipobaki. Kwenye kioo kila kitu kinaonekana. Kisha ni ngumu lakini inapasuka kirahisi. Bloku ya V8 ina silinda zinazoelekea pande mbili, nyuzi 90 kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kalibu ya kawaida inafunguka upande mmoja tu. Ama unatengeneza kalibu yenye vipande vinavyoteleza pembeni, ambayo ni ghali, ama unagawa bloku vipande na kumwachia mteja gundi. Kila mstari wa gundi unaouona kwenye modeli ni uamuzi wa mtu aliyekuwa anabana gharama ya chuma.

Kwa hiyo si midoli tu, kijana. Ni hesabu za watu waliokuwa na akili.

Mbishi wa Zamu

Shikamoo mzee. Nimeelewa.

Tela la Mwisho

Mbishi kaelewa! Wekeni tarehe kwenye kumbukumbu.

Fundi wa Mezani

Marahaba kwa niaba ya mzee.

Tukiwa kwenye kalibu, tuingie upande wa pili wa historia, ambao ni mkubwa zaidi kwa wingi lakini kwangu una ladha ndogo. Mwaka 1959 AMT walitoa Ford ya 1932, na hii ilikuja na injini. Ilibidi. Ford ya 1932 ndiyo iliyoleta V8 kwa mtu wa kawaida, na vijana wa Marekani waliopenda kuongezea magari mwendo walikuwa wameshaifanya kama dini. Gari la namna hiyo huendeshwa bila boneti ili injini ionekane, kwa hiyo modeli yake isiyo na injini ingekuwa kichekesho.

Kuanzia hapo injini ikawa pambo. Miaka ya 1960 mwanzoni AMT na kampuni nyingine ya modeli ya Marekani, Revell, walianza kuuza hata paketi za injini peke yake kwa kipimo cha 1/25: injini moja, kabureta za kuchagua, mabomba ya moshi, na vipande vilivyopakwa kromu. Unanunua, unaipachika kwenye gari lolote. Zilikuwa nzuri kwa umbo, tena nzuri sana, lakini ndani hakuna kitu. Bloku ni nusu mbili, kushoto na kulia, na giaboksi imeunganishwa humo humo. Gundi, umemaliza. Hazizunguki na hazikukusudiwa kuzunguka. Ndiyo jibu la nusu ya pili ya kichwa cha uzi huu: kwa milimita 4 za pistoni hakuna cha kuzungusha.

Ile kromu, kwa wasiojua, ni aluminiamu iliyogeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa ikatua juu ya plastiki kama umande. Ndiyo maana inaondoka kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, dakika chache tu.

Gundi Kidogo

Mkuu hapo kwa 1/25 umewaonea. Nyuma ya umbo hilo kuna kazi. Waya wa plagi wa kweli una unene wa milimita 7 hadi 8, kwa 1/25 ni kama 0.3. Tunatoboa distribyuta kwa kijisindano, tunaingiza waya nane, tunazipeleka kila moja kwenye silinda yake kwa mpangilio sahihi. Kwa V8 ndogo ya Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Mtu akikosea, fundi wa kweli akichungulia anajua hiyo injini ingekohoa. Hayo si maelezo?

Fundi wa Mezani

Nimekubali, nafuta "ladha ndogo". Nimeandika kwa hasira ya mtu ambaye macho yake hayaoni tena 0.3.

Bi Pistoni

Vipi Wajapani? Wengi hapa wamekulia kwenye seti zao, na nyingi hazina injini kabisa.

Fundi wa Mezani

Dada, hilo ni swali tamu na jibu lake ni betri. Seti nyingi za Japani za miaka ya 1960 zilikusudiwa kutembea sakafuni. Mtoto alitaka kitu kinachokwenda. Ukishaweka mota na betri ndani ya chasisi, nafasi ya injini ya mapambo imekwisha. Hata kipimo cha 1/35 cha vifaru vya kampuni ya Tamiya ya Japani kilitokana na ukubwa uliohitajika ili betri ziingie. Gari lilikuwa na mota ya kweli na kwa hiyo halikuwa na injini ya uongo.

Lakini Tamiya hao hao ndio waliotoa mwaka 1967 Honda RA273 ya Formula 1 kwa kipimo cha 1/12, na hapo V12 imekaa nyuma ya dereva wazi kabisa, mabomba ya moshi yamesukana kama nywele. Gari la mashindano la miaka ile halikuwa na cha kufunika injini, kwa hiyo injini ndiyo ilikuwa nusu ya sura. Na mwaka 1976, walipotaka kufanya Porsche 934 kwa 1/12, Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi, hakuridhika na picha na ziara za kiwandani. Alinunua Porsche 911 ya kweli, ikafunguliwa vipande vipande ili wapime. Gari zima! Mimi nikinunua gundi ya pili mwezi mmoja nyumbani naulizwa.

Wataliano wa Pocher niwape mistari michache tu, maana wanastahili uzi wao. Kipimo 1/8, plastiki na metali pamoja, wakaanza na Fiat ya mashindano ya 1907, ile yenye injini ya lita 16 kwa silinda nne. Rolls-Royce yao ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000. Hao walifanya saa ya ukutani, si modeli.

Tela la Mwisho

Na injini ya Wankel, ile ya rota isiyo na pistoni? Niliona picha ya moja ya plastiki mahali fulani, sikuamini.

Fundi wa Mezani

Ipo. Miaka ya 1970 Entex wa Marekani waliuza injini ya Mazda ya rota kwa kipimo cha 1/5. Na hii kwa maoni yangu ndiyo injini iliyohitaji modeli kuliko zote. Pistoni mtu anaweza kuieleza kwa mikono hewani. Jaribu kueleza kwa mikono pembetatu iliyovimba inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la karanga, huku kona zote tatu zikigusa ukuta muda wote, na shafti ya katikati ikizunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota. Huwezi. Utaonekana unacheza ngoma. Ukiizungusha kwa kidole ukaona chumba kimoja kinapanuka wakati kingine kinabana, unaelewa papo hapo. Mazda walianza kuiuza kwenye gari lao la Cosmo mwaka 1967, kwa hiyo watu walikuwa wanaiona barabarani kwa miaka kadhaa bila kujua ndani kuna nini.

Mzee wa Kalibu

Muelezeni na habari ya kalibu zilivyohama, maana ndipo historia inapouma.

Fundi wa Mezani

Asante mzee. Renwal hawakufika mbali. Katika miaka ya 1970 kalibu zao zilienda Revell, ndiyo maana V8 ile ile mnaiona kwenye maboksi ya jina tofauti. Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa wote. Mafuta yalipopanda 1973 na plastiki ilipanda, kwa kuwa polistirini ni mtoto wa mafuta. Mwaka 1986 Revell na kampuni nyingine ya modeli, Monogram, wakajikuta chini ya mmiliki mmoja. Kalibu ni chuma, haiozi upesi, lakini inabadilishwa. Kiwanda kinataka toleo la mashindano, wanachonga upya kalibu ile ile, na toleo la kawaida limekufa hapo. Injini nyingi za 1/25 zimepotea hivyo. Hazikuungua wala hazikuibiwa. Zilichongwa zikawa kitu kingine.

Mzee wa Kalibu

Nimewahi kushika kifaa cha kuchongea siku kama hiyo. Ukishakata umekata.

Bi Pistoni

Na sasa hivi darasani ninatumia za kisasa. Haynes, wale wa vitabu vya ufundi, wametia jina lao kwenye injini ya kioo ya silinda nne na V8. Airfix nao walikuwa na ya silinda nne. Franzis wa Ujerumani wana injini ya Porsche 911, silinda sita zilizolala, kipimo 1/4, na ya Volkswagen ya Kobe. Nyingi ni za skrubu, gundi hakuna au ni kidogo. Kwa mwalimu hilo ni jambo kubwa: darasa la mwaka huu linaijenga, linaifungua, mwakani wengine wanaijenga tena.

Gundi Kidogo

Skrubu kwenye modeli? Haya ni matusi kwa jina langu.

Mgeni wa Jana

Wakuu samahani kuingilia, mimi ni mgeni jukwaani. Uzi huu umenigusa kwa sababu nimerithi boksi la V8 ya kioo kutoka kwa mjomba wangu marehemu. Alikuwa ameijenga nusu. Krankishafti haizunguki kabisa, imegoma. Mota inanguruma tu. Nafanyaje bila kuivunja?

Fundi wa Mezani

Pole kwa msiba, ndugu. Zima mota kwanza, usiiache ikinguruma, itaungua.

Huo ndio ugonjwa namba moja wa V8 hiyo, na mimi niliupata kwenye yangu ya kwanza. Gundi ya polistirini haigandishi, inayeyusha plastiki mbili zikawa moja. Tone moja likitambaa hadi kwenye beringi, krankishafti na bloku vinakuwa ndugu wa damu. Yangu nilimaliza saa kumi usiku nikaenda kulala nikiwa na furaha, asubuhi ilikuwa sanamu.

Angalia kwa mwanga mkali: beringi ipi ina ukungu mweupe au mng'ao kama maji? Hiyo ndiyo.

Mgeni wa Jana

Ya katikati. Zingine safi. Ukungu upo upande mmoja tu.

Mzee wa Kalibu

Ukungu mweupe, mwanangu, unaweza kuwa wa gundi ile ya papo kwa papo, si ya kuyeyusha. Mvuke wake ndio unaopaka kioo ukungu. Ikiwa ni hiyo una bahati, maana inapasuka kwa baridi. Iweke ndani ya mfuko, iingize kwenye friza usiku kucha, kisha jaribu kuzungusha kwa vidole, polepole, kwenda na kurudi. Usitumie koleo. Ikigoma, tumia wembe mwembamba wa msumeno, kata kwenye kofia ya beringi, usiguse shafti.

Gundi Kidogo

Na ikishafunguka, jeli ya petroli kidogo kwenye beringi na kuta za silinda. Kidogo! Oili za dawa ya kupuliza usithubutu, nyingine zinapasua polistirini.

Mgeni wa Jana

Wakuu. Imetoka friza asubuhi hii. Ilitoa mlio kama biskuti, nikadhani nimeua. Imezunguka! Pistoni zote nane zinacheza. Kuna namba za mjomba za penseli ndani ya sampu, 1 hadi 8, alikuwa ameziandika ili asikosee.

Ila taa ya silinda ya 6 haiwaki.

Bi Pistoni

Ndani ya distribyuta kuna vijibamba vya kugusana. Cha 6 kimeshika kutu au kimelala. Kisugue kwa kifutio cha penseli, kisha kiinue kidogo kwa ncha ya kisu.

Mgeni wa Jana

Inawaka.